Merran wa Skelday na Mtambo Uliokatazwa Kuzunguka

Merran Scollay hakupenda siku za upepo mkali, na kwa mtu anayelinda mtambo wa upepo hilo ni jambo la ajabu kidogo. Upepo ukiwa wa wastani alikuwa mtu wa raha zake. Aliamka, akanywa chai na mkate wa shayiri uliopakwa siagi nene, akavaa koti la marehemu mumewe, kisha akapanda kilima na mbwa wake kwenda kumtazama Mabel.

Mabel ndiye huo mtambo. Kisiwa kizima cha Skelday kilikubaliana kuuita hivyo, kwa heshima ya ng'ombe mmoja wa zamani aliyekuwa na maziwa mengi na mateke mengi vilevile. Merran alifungua mlango wa chini, akasikiliza kama kuna mlio mgeni, akampiga Mabel kofi la upole ubavuni, akafunga. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, na aliipenda. Kabla ya hapo alikuwa amepeleka barua kwa baiskeli, amekamua ng'ombe wa watu, amepika shuleni. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo iliyompa nafasi ya kusimama kileleni asubuhi na kuona visiwa vyote vya kaskazini ya Orkney vimelala majini.

Lakini upepo ukivuma ule wa kung'oa paa, Mabel alisimama. Mzima wa afya, mapanga yake yakiwa tayari, alisimama kwa amri. Nyaya zinazopita chini ya bahari kutoka Orkney kwenda bara ya Scotland ni nyembamba, na mitambo iliyosimikwa visiwani ni mingi. Upepo ukizidi, nyaya zinajaa, na kampuni ya nyaya inazima mtambo wa mtu. Kanuni yao ni fupi: aliyeunganishwa mwisho ndiye anayezimwa kwanza. Na aliyeunganishwa mwisho upande wote huu ni Skelday, maana watu wa Skelday walitumia majira mawili ya baridi wakibishana kama mtambo ukae kilimani au karibu na kanisa. Visiwa vya jirani vilibishana jioni moja, vikaenda kupanga foleni ya kuunganishwa.

Huku Orkney mkulima anayemaliza kuvuna nyuma ya wenzake hutengenezewa mbwa wa mabua, anayefungwa juu ya paa lake ili kila apitaye acheke. Wiki ile Mabel alipoanza kazi, kulikucha mbwa wa mabua amefungwa mlangoni pake. Kila mtu alijua ni mkono wa Geordie Linklater, mkulima wa shamba la chini, na Geordie mwenyewe hakujisumbua kukana.

Merran alicheka siku ile. Siku za tufani hakucheka. Kilichomchoma ni kujua kwamba saa ileile, huko kusini, kuna kinu cha umeme wa gesi kinawashwa ili watu wa mijini wapate taa.

"Sisi tuna upepo wa bure unatung'oa nywele," alimwambia mbwa wake, "wao wanachoma gesi. Hebu niambie wewe, hapo nani mwenye akili?"

Mbwa alipiga chafya.

Hasira yake ilikuwa na mzizi mwingine, na huo hakuusema ovyo. Mabel ndiye aliyelisha mfuko wa kisiwa kwa umeme wake uliouzwa, na mfuko wa kisiwa ndio uliolipia boti ya jioni. Kivuko cha kawaida huja Skelday mara chache kwa wiki. Boti ya jioni ni mali ya kisiwa chenyewe: asubuhi inapeleka watoto sekondari ya mjini Kirkwall, jioni inawarudisha walale kwao. Kabla ya Mabel, mtoto wa Skelday akitimiza miaka kumi na miwili alifungiwa sanduku, akapelekwa kulala bwenini, akaonana na mama yake mwisho wa wiki, na bahari ikichafuka hata huo mwisho wa wiki hakuupata. Merran alilala huko. Alilia kila jioni mwaka wa kwanza, akiuma shuka asisikike, na mwaka wa pili akaacha kulia, jambo ambalo baadaye aliliona baya zaidi. Binti yake naye alilala huko, na alipomaliza shule hakurudi Skelday kuishi mpaka boti ilipoanza. Alirudi na mtoto wake, Freya, ambaye sasa ana miaka kumi na mitatu na anafika nyumbani kila jioni na njaa, na kelele, na soksi zilizolowa.

Mwezi wa Oktoba kamati ya kisiwa iliita mkutano ukumbini. Mabel alizimwa mno mwaka ule. Mfuko ulikuwa umekauka kiasi kwamba boti ya jioni ingesimama ikifika Krismasi. Habari hiyo ilisomwa kwa sauti ya kawaida kabisa.

Ndipo akasimama Catriona Munro, mhandisi wa kampuni ya nyaya, mama wa makamo aliyekuja na kivuko cha asubuhi na uso wake ukiwa bado na rangi ya kutapika.

"Sikuja kuwadanganya," alisema. "Waya wa bahari siwezi kuunenepesha. Waya mpya unakuja."

"Unakuja lini?" aliuliza Geordie.

"Unakuja."

"Haya, tutawaachia wajukuu waupokee." Watu wakacheka, hata Catriona.

"Ila kuna hili," aliendelea. "Umeme mnaoutumia wenyewe humu kisiwani haupiti kwenye waya wa bahari. Kwa hiyo Mabel akizalisha na nyinyi mkautumia papo hapo, sina sababu ya kumzima. Wakubwa zangu wameniruhusu kujaribu kwenye tufani mbili. Tutawafungia hita zenye matofali ndani, zinajiwasha zenyewe upepo ukizidi, zinahifadhi joto mpaka kesho yake. Na nyinyi siku hiyo mpike, mfue, mpashe maji. Mkifikisha kiwango walichoniwekea, hata kwa tufani moja, Skelday inatoka kwenye mkia wa foleni. Mkishindwa zote mbili, kanuni inabaki ilivyo na sitapewa nafasi nyingine. Na iwe matumizi ya kweli, jamani. Sitaki kusikia mtu kawasha hita madirisha yakiwa wazi."

"Hapa?" Geordie aliuliza. "Umemwona Shangazi Teenie? Ukimwambia afungue dirisha hita ikiwaka atazimia, tutakuja kukushtaki."

Shangazi Teenie, dada wa baba yake Merran, mama aliyekula chumvi nyingi, alikuwa amekaa mbele kabisa na sweta tatu mwilini. Huyo alikuwa mkono wa birika wa kutajwa. Friji yake aliizima mwezi wa kumi na kuiwasha mwezi wa nne, kwa hoja kwamba barazani kwake kuna baridi ya bure. Hakujali kuchekwa.

"Mimi nitafanya kama alivyosema yule mtoto," alisema akimwonyesha Catriona kwa kidole. "Mabel wetu sote."

Kila nyumba ilikubali. Mafundi walikuja, hita zikafungwa, na Merran akapita mlango kwa mlango akielekeza. Alilala usingizi mzuri wiki zile.

Tufani ya kwanza iliingia mapema Novemba, adhuhuri. Simu zililia kisiwa kizima: washeni. Merran alikuwa chini ya Mabel, mgongo kwenye chuma, akitazama juu. Mapanga yalizunguka kwa nguvu. Halafu yakaanza kupunguza mwendo. Halafu yakasimama kabisa, na upepo ukapita juu yake kama hakuna aliyeuhitaji. Akatazama bondeni. Nyumba zote zilikuwa giza, na kila bomba la moshi lilikuwa linatoa moshi wa makaa.

Catriona alipiga simu akiwa hana sauti ya lawama, afadhali angekuwa nayo. "Merran, matumizi yenu yameshuka. Mmetumia kidogo kuliko siku ya kawaida. Kumetokea nini huko?"

Merran alijua kilichotokea kabla simu haijakatika, akajilaumu kwa kutokukiona mapema. Zamani, nguzo za Skelday zilipokuwa za mbao, tufani moja iliangusha waya juu ya paa na nyumba ikaungua na vyote vilivyomo. Tangu hapo kila mzazi kisiwani alimfundisha mwanawe: upepo ukianza kupiga mluzi, chomoa kila kitu ukutani, washa jiko la makaa, kaa utulie. Nyaya zimefukiwa ardhini miaka mingi sasa. Hofu haikufukiwa. Watu walisikia simu inasema washeni, wakasikia upepo unasema chomoeni, wakautii upepo. Na Merran mwenyewe, alipofika nyumbani akiwa amelowa, alikuta plagi ya birika lake imelala mezani. Alikuwa ameichomoa kabla ya kutoka, bila hata kujua.

Alikwenda kwa Shangazi Teenie kesho yake akiwa amefura. Aliingia bila kubisha.

"Shangazi, ulisema nini ukumbini?"

"Kaa kwanza."

"Sikai. Ulisema Mabel wetu sote. Halafu ukachomoa mpaka saa ya ukutani."

"Kaa, Merran. Umelowa." Shangazi alikwishawasha birika. "Unafikiri sikujaribu? Niliiacha ile hita ikawaka. Nikakaa naikodolea macho. Nikajiambia, Teenie, unajipashia joto peke yako namna hii, wewe malkia? Halafu upepo ukagonga dirisha, mkono ukaenda wenyewe."

"Freya atapelekwa bwenini. Unanielewa? Kitanda kilekile, shuka zilezile."

"Najua." Bibi yule aliinama akawasha oveni, akatoa unga. "Nilikufungia sanduku lako mimi, mama yako alikuwa hawezi kwa machozi. Usidhani nimesahau. Sogea karibu na moto."

Merran akaendelea kufoka. Alifoka juu ya boti, juu ya kanuni za foleni, juu ya watu wa mijini na gesi yao, akafoka hata juu ya marehemu mumewe ambaye hakuhusika. Shangazi aliitikia "ndiyo mwanangu" na "sawa mwanangu" huku akifanya shughuli zake. Alipoishiwa pumzi, Merran aliona jasho linamtoka. Akatazama chumba. Hita ya matofali ilikuwa imewashwa hadi mwisho. Hita ndogo ya umeme, ile ambayo hakuwahi kuiona ikiwaka tangu azaliwe, ilikuwa nyekundu miguuni pake. Oveni inaunguruma, birika linachemka mara ya pili, taa zote zinawaka, na koti lake linazunguka kwenye mashine ya kukaushia.

"Shangazi," alisema polepole. "Hivi umewasha vitu vingapi?"

"Si una baridi?"

"Mimi nina baridi. Wewe je?"

"Mimi nani ananijali? Wewe mgeni."

Merran alicheka mpaka akashika meza. Alimkumbatia yule bibi na unga wake mikononi, akambusu, akatoka mbio bila koti.

Wazo lake lilikuwa jepesi. Mtu wa Skelday hawezi kujiwashia umeme mwenyewe, mkono haumruhusu. Kwa mgeni hana mkono wala birika. Basi tufani ya pili iwe siku ya wageni. Karamu ya mavuno ilikuwa bado haijafanyika mwaka ule, na karamu ya mavuno kila nyumba hupika kana kwamba visiwa vyote vinakuja. Merran akaiambia kamati kwamba karamu itafanyika siku ya tufani, mchana kutwa, na tarehe itatolewa na watu wa hali ya hewa.

"Mwanamke huyu kapigwa na upepo," alisema Geordie. "Miaka yote karamu inaahirishwa kwa ajili ya tufani. Leo tunaingoja tufani ndiyo tule?"

"Wewe kazi yako ni viazi."

"Na hita za nyumbani? Watu wakiwa ukumbini nani ataziangalia?"

"Hakuna," alisema Merran. "Ndiyo raha yake. Zinajiwasha zenyewe, na hakuna mtu nyumbani wa kuzichomoa."

Geordie akaanza kutetemeka mabega kwa kicheko.

Tufani ilitangazwa mwisho wa Novemba. Tangu alfajiri majiko yaliwashwa Skelday yote. Waliochoma kondoo walichoma kondoo, waliooka keki walioka keki, na kwa Geordie viazi na tanipu vilipondwa kwa ndoo. Shangazi Teenie alioka mikate ya shayiri toka asubuhi, akiwa ameacha sweta moja tu mwilini. Mtu alipomkumbusha upepo unapiga mluzi, alimjibu, "Acha upige, mimi nina wageni." Adhuhuri watu wakabeba masufuria yao wakaelekea ukumbini, wameinama, wanashikana mikono wasipeperushwe, wanacheka kama wendawazimu. Nyuma yao kila hita ilibaki ikiwaka peke yake katika nyumba tupu.

Jambo moja tu lilimtia Merran simanzi. Boti iliwapeleka watoto shuleni kabla bahari haijachafuka, sasa nahodha alikataa kurudi, na alikuwa sahihi. Watoto wote wa Skelday wangelala Kirkwall usiku ule, bwenini. Merran alipata habari hiyo akiwa anakata nyama, na kisu kikamsimama mkononi. Alikuwa anampigania Freya asilale kule, na siku yenyewe ya kupigana ndiyo Freya analala kule.

Jua huzama mapema mwezi ule. Mwanga ulipoanza kufifia Merran alitoka ukumbini akapanda kilima. Hakuweza kukaa. Alisimama akishikilia uzio kwa mikono miwili, akatazama juu.

Mabel alikuwa anazunguka. Hakuzunguka kwa nguvu zake zote, kwa sababu kisiwa kidogo kina mdomo mdogo, lakini alizunguka, na aliendelea kuzunguka, wakati kwenye visiwa vingine mitambo ilikuwa imesimama mmoja baada ya mwingine. Merran aliita jina lake kwa sauti, mtu mzima, na upepo ukalichukua.

Simu ikatetemeka mfukoni. Alijibanza nyuma ya mlango wa Mabel ili asikie.

"Merran!" Alikuwa Catriona. "Mnafanya nini huko? Mnayeyusha chuma?"

"Tunakula! Karamu ya mavuno!"

"Mmepita kiwango. Mmepita toka asubuhi na hamshuki. Nimewaita wenzangu waje kuona kwenye kioo cha kompyuta. Itabidi mnieleze mtafanyaje tufani nyingine, maana hamwezi kuvuna kila wiki."

Hilo walikuwa wamelimaliza mezani, tena kwa mabishano ya dakika chache tu, jambo ambalo halijapata kutokea Skelday. Upepo ukizidi, Merran alimweleza, nusu ya kaskazini itaialika nusu ya kusini, na safari ijayo watabadilishana. Shangazi Teenie alikuwa ameshadai zamu ya kwanza.

"Basi imetosha," alisema Catriona. "Barua itakuja na mihuri yake, lakini mimi nakwambia leo. Mmetoka kwenye mkia. Boti yenu inabaki."

Merran alikaa chini hapohapo juu ya zege. Alikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilimuuma, kwa sababu kuna mtoto alikuwa anamfikiria. Akapiga simu Kirkwall. Iliita muda mrefu.

"Bibi?" Nyuma ya sauti ya Freya kulikuwa na muziki na vicheko vya wasichana.

"Freya, mwanangu. Uko salama? Umekula? Wamekupa blanketi la pili? Kitanda cha karibu na dirisha usikikubali, kinapitisha baridi. Na ukiona machozi yanakuja usijifunge, nipigie, hata saa ngapi, sawa?"

"Machozi ya nini?"

Merran akaibana simu zaidi sikioni.

"Bibi, ni usiku mmoja tu. Tunacheza karata, mimi ndiye ninaongoza. Nitapiga kesho, sawa? Yaani hapana, kesho si ninakuja."

Simu ikakatika. Merran alibaki ameishika, Mabel akivuma juu ya kichwa chake, na akalia pale mlangoni kwa sauti yake yote, kwa raha, bila kuuma chochote.